Masultani na Wanazuoni wa Omani

Maafisa na askari wa jeshi na wa polisi,

Omani ni nchi ya Kiarabu iliyo mbali na ziwa letu, lakini jina lake si geni katika mwambao huu wa Rumonge na Nyanza-Lac. Wafanyabiashara wenye asili ya huko walifika Tanganyika katika karne ya 19, wakipitia Unguja na Ujiji. Historia ya nchi hiyo yaonyesha jinsi watawala na wanazuoni wa dini wanavyogombana, na jinsi mzigo wa ugomvi huo unavyomwangukia askari.

Kwa Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi, Imamu huchaguliwa na wanazuoni pamoja na wakuu wa makabila kwa elimu na uadilifu wake. Sultani wa Maskati, kwa upande wake, hurithi kiti. Hapo ndipo ulipo mzizi wa ugomvi. Mwaka 1913 wanazuoni wa bara walimchagua Salim bin Rashid al-Kharusi kuwa Imamu, na Januari 1915 wafuasi wake wakaishambulia Maskati. Walirudishwa nyuma na askari wa Kihindi waliokuwa chini ya Uingereza.

Septemba 1920 yakatiwa saini Mapatano ya Sib. Masharti yake yanahusu hasa kazi zenu: njia zifunguliwe kwa watu wote, ushuru wa pwani kwa watokao bara usizidi asilimia 5, Sultani asiingilie mambo ya bara, wala asimpe hifadhi mhalifu anayekimbia hukumu ya huko, na watu wa bara wasiishambulie miji ya pwani. Amani ikadumu zaidi ya miaka 30.

Utafutaji wa mafuta ndio uliochochea kuvunjika kwake. Desemba 1955 majeshi ya Sultani Said bin Taimur yaliingia Nizwa, makao ya Imamu Ghalib bin Ali. Mwaka 1957 vita vikawaka, ndege za Uingereza zikapiga mabomu, na Januari 1959 ngome ya mwisho, Jabal Akhdhar, ikatekwa. Silaha zilishinda; hoja ya wanazuoni haikujibiwa.

Sultani Qaboos, aliyempindua baba yake mwaka 1970, aliwaingiza wanazuoni serikalini. Mwaka 1975 Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, mzaliwa wa Unguja, aliteuliwa kuwa Mufti. Utulivu ulipatikana, lakini mwanazuoni aliyekuwa akimchagua mtawala sasa aliteuliwa naye. Si wote walioridhika: Mei 2005 watu 31 walihukumiwa kwa shtaka la kutaka kuurudisha Uimamu. Mwezi uliofuata Sultani aliwasamehe.

Askari haandiki mapatano. Lakini yanapoheshimiwa, yeye hulinda barabara na kumkamata mhalifu. Yanapovunjwa, hutumwa milimani kupigana na ndugu zake. Kwa hiyo neno lililotiwa saini ni ngao ya askari pia, wala si ya raia peke yake.