Kuimba kwa Sauti Nne huko Kisauni

Mtu akitoka kisiwani Mombasa na kuvuka daraja la Nyali, hafiki mbali kabla ya kufika mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele ya Freretown, mji wa watumwa waliokombolewa, ulioanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa chama cha Church Missionary Society. Kengele iliwaita watu kanisani, na iliwaonya pia kila ilipohofiwa kwamba wawinda watumwa wamekaribia. Lakini kengele si sauti pekee iliyokuzwa mahali pale. Iko pia ile ya kuimba kwa sauti nne.

Wakazi wa Freretown walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, ambao manowari za Kiingereza ziliwatoa majahazini. Wengine walikuwa wamesomeshwa Nasik, Bara Hindi, kabla ya kurudishwa Afrika. Hawakuwa na lugha moja ya mama, wala ngoma moja ya mavuno. Kiswahili kikawa lugha yao, na nyimbo za ibada zikawa nyimbo walizoweza kuimba pamoja. James Juma Mbotela, mzaliwa wa hapo, aliandika habari za wazee hao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934.

Katika miaka hiyo hiyo, huko Nashville katika Marekani, vijana tisa wa skuli ya Fisk, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, walifunga safari mwaka 1871 kwenda kuimba ili skuli yao ipate fedha isifungwe. Mwaka 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria. Baadaye skuli ikatuma wanaume wanne tu, na mwaka 1909 sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri. Mtindo wa waimbaji wanne ukastawi sana katika makanisa ya watu weusi wa Marekani.

Lakini vijana wa Fisk waliimba nyimbo zilizotungwa na wazazi wao mashambani. Watu wa Freretown walipewa nyimbo za Uingereza zilizovikwa maneno ya Kiswahili, nazo ngoma za kwao wamisionari wengi waliziona kuwa mambo ya kipagani. Si kosa kusema kwamba vazi lile lilibana. Katika Kiswahili mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika nyimbo nyingi za Kiingereza mstari humalizikia kwa pigo zito. Basi mwimbaji afikapo mwisho wa mstari wenye neno "Mungu", pigo humlazimisha kukaza "ngu" na kuipita "Mu" kwa haraka, na neno "Bwana" huadhibiwa vivyo hivyo. Mtu anayetofautisha barabara ya kupita na kazi iliyofanywa barabara hujua kwamba mkazo si jambo dogo. Hata hivyo masikio ya watu yalizoea, na wengi hawatambui tena kwamba neno limepindwa.

Kinanda hakiwezi kutengeneza jambo hilo, kwa kuwa kinanda hakimngojei mtu. Watu wanne wanaosimama bila ala wanaweza. Mwenye sauti ya kwanza huiingia silabi yenye mkazo mapema kidogo na kuivuta. Wa pili na wa tatu humtazama kinywa. Naye mwenye besi huchelewesha hatua yake mpaka neno litimie. Kazi hiyo haiandikwi katika do, re, mi za ubaoni. Hujifunzwa kwa kusikilizana, na ndiyo sababu wanne wazuri huimba kwa sauti ya chini kuliko watu wanavyotazamia.

Mwaka 1963, Kenya ilipotafuta wimbo wake wa taifa, kamati ya watu watano, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume wa pwani, ilichagua sauti ya wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kubembelezea mtoto. Ikapangwa kwa sauti nne kama zile za kanisani, lakini safari hii sauti yenyewe ilitoka katika kinywa cha Kibantu, na maneno ya Kiswahili yamekaa ndani yake pasipo kubanwa. Wazee wa Freretown wangalifurahi kuisikia.

Bara ya Mombasa imepokea watu wengi tangu siku zile. Reli na bandari zimeleta Changamwe na Likoni wafanya kazi kutoka Taita, Ukambani, Nyanza na kwingineko, na kila mmoja huja na namna ya kuimba ya kanisa la kwao. Kuwapata watatu wa kuimba pamoja si shida. Wa nne ndiye taabu, kwa maana besi ya kweli ni adimu, na mwenye nayo akipangiwa zamu ya usiku bandarini, wenzake watatu humngoja mpaka wiki ya pili.