Kilomita 682 ni za maabara au za barabara?

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kana kwamba zinazozana. Ya kwanza ni kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya pili ni kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya kwanza yatufundisha kuwa ubora wa kitu hujitangaza wenyewe. Ya pili yatuonya kuwa upya pekee hutosha kukipamba hata kile kitakachotuumiza baadaye. Mzozo wa methali hizi mbili ndio uliozuka miongoni mwa wapenzi wa magari nchini India tangu tarehe 26 Novemba 2024, siku ambayo kampuni ya Mahindra ilizindua mjini Chennai magari mawili ya umeme ya aina ya SUV, yaani BE 6e na XEV 9e.

Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni lugha. Hata hivyo, nimeufuatilia mjadala huo kwa makini kwa sababu, ukiuchunguza vyema, utaona kuwa sehemu yake kubwa si mjadala wa vyuma na nyaya. Ni mjadala wa maana za maneno. Na mtu anayetoa akiba ya miaka mingi kununua gari kwa kutegemea neno asilolielewa sawasawa hana tofauti na aliyeuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Kwanza tuitazame historia kidogo. Kampuni hii ilianzishwa mwaka wa 1945 kwa jina la Mahindra & Mohammed. India ilipogawanywa mwaka wa 1947, mshirika mmoja, Malik Ghulam Muhammad, alihamia Pakistan akawa waziri wa kwanza wa fedha wa nchi hiyo na hatimaye Gavana Mkuu wake. Mwaka wa 1948 kampuni ikabadilisha jina ikawa Mahindra & Mahindra. Kwa miongo mingi sifa yake ilikuwa jipu na matrekta: vyombo vya shamba na vya barabara mbovu, vigumu kama mpingo, lakini ambavyo hakuna aliyevitazama mara mbili kwa uzuri wake.

Ndiyo maana BE 6e iliwashtua wengi. Umbo lake linatokana na gari la maonyesho lililoitwa BE.05, ambalo Mahindra iliwaonyesha watu huko Uingereza mnamo Agosti 2022, na ambalo lilibuniwa chini ya usimamizi wa msanii wa magari Pratap Bose. Aghalabu gari la maonyesho huwa na makeke mengi ambayo hupunguzwa moja baada ya jingine kabla ya gari lenyewe kufika sokoni. Safari hii makeke yalibaki. Wapenzi wa magari walisifu mistari yake mikali, taa zake, na ukumbi wa dereva uliotengenezwa kwa mfano wa ndege ya kivita. Walisifu pia wepesi wake: kampuni inasema kuwa toleo lenye nguvu zaidi hutoka tuli hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 6.7. Hata milio inayosikika ndani ya gari ilitungwa na mwanamuziki mashuhuri A.R. Rahman.

Fauka ya hayo, mnamo Januari 2025 matokeo ya majaribio ya usalama ya Bharat NCAP yalilipa gari hili nyota 5, likipata alama 31.97 kati ya 32 katika kuwalinda watu wazima na 45 kati ya 49 katika kuwalinda watoto. Hapa hapana ushabiki. Gari liligongeshwa, vipimo vikachukuliwa, alama zikatolewa.

Lakini penye wengi pana mengi. Wapo waliolalamika kuwa kiti cha nyuma hakimpi mtu mrefu nafasi ya kutosha, na kuwa madirisha ya nyuma ni madogo hata abiria hujihisi kama yumo pangoni. Wapo waliochukizwa na jinsi kazi nyingi zilivyohamishiwa kwenye skrini, hivi kwamba dereva anayetaka kupunguza baridi ya kipupwe hana budi kuondoa macho barabarani na kuyaelekeza kwenye kioo. Wengine walinung'unikia plastiki nyeusi zinazong'aa, ambazo hubeba alama za vidole kabla ya siku kuisha.

Katika mambo ya uzuri na ubaya hakuna hakimu. Waswahili husema ukipenda, chongo utaita kengeza, na neno lenyewe "wapenzi" wa magari latuonyesha tangu mwanzo kwamba tunasikiliza ushahidi wa watu waliokwisha kupenda. Lakini yapo maneno manne katika mjadala huu ambayo hayategemei mapenzi. Yanaweza kupimwa, na msomaji makini anapaswa kuyapima.

Neno la kwanza ni umbali. Kampuni ilitangaza kuwa BE 6e yenye betri kubwa, inayohifadhi yuniti 79 za umeme, inaweza kwenda kilomita 682 bila kuchajiwa upya. Idadi hiyo si uongo. Ilipatikana kwa kipimo rasmi cha India, ambapo magurudumu huzungushwa ndani ya maabara kwa utaratibu maalumu ambao kasi yake haizidi kilomita 90 kwa saa. Kwa kipimo kinachotumiwa Ulaya, ambacho kina mwendo wa kasi zaidi, gari hilo hilo lenye betri hiyo hiyo limetajwa kwenda kilomita 550. Nayo kampuni yenyewe, ilipozungumzia matumizi ya kila siku, ilitaja kilomita 500 hivi.

Basi tufanye hesabu ya darasa la nne. Kilomita 682 ukigawanya kwa yuniti 79 unapata kilomita 8.6 kwa kila yuniti. Kilomita 500 ukigawanya kwa idadi hiyo hiyo unapata 6.3. Tofauti ya safari nzima ni kilomita 182, nao ni umbali unaopita ule wa kutoka Nairobi hadi Nakuru. Msafiri aliyepanga safari yake kwa kuitegemea namba ya kwanza atajikuta amekwama njiani, ilhali hakuna aliyemdanganya. Ameponzwa na neno moja lililobeba maana mbili. Kwa maoni yangu, sisi tunaokitumia Kiswahili tunaweza kuutatua utata huu bila gharama yoyote kwa kutofautisha umbali wa maabara na umbali wa barabara. Mwandishi wa habari akitumia istilahi hizo mbili, msomaji hatahitaji kuwa mhandisi ili aelewe.

Neno la pili ni bei. Tangazo la uzinduzi lilisema kuwa bei inaanzia rupia laki 18.9, yaani rupia 1,890,000. Neno la kuangaliwa hapa ni "inaanzia". Kitenzi hicho kimefungua mlango lakini hakikusema chumba kina kina gani. Bei hiyo haikujumuisha chaja ya nyumbani, na ilikuwa ya gari lenye betri ndogo ya yuniti 59. Bei za matoleo ya juu zilipotangazwa Januari 2025, toleo lililobeba betri kubwa ya yuniti 79 lilikuwa la rupia laki 26.9. Kwa hivyo aliyesoma katika tangazo moja kuwa kuna gari la laki 18.9 linalokwenda kilomita 682 aliunganisha namba mbili zilizokuwa za magari mawili tofauti. Baina yake palikuwa na pengo la laki 8. Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Kilichopotosha ni ujirani wa sentensi hizo.

Neno la tatu ni "la Kihindi". Wapenzi wengi wa magari nchini India walilishangilia gari hili kwa fahari ya taifa, wakisema kuwa sasa nchi yao imeonyesha inaweza. Wakosoaji wakajibu kuwa seli za betri zinatoka kwa kampuni ya Kichina ya BYD, na kuwa gari la maonyesho lilifunuliwa kwanza Uingereza, ambako Mahindra ina ofisi ya ubunifu. Je, gari hilo ni la Kihindi au si la Kihindi? Mwanaisimu atajibu kuwa kiunganishi "la" kina kazi nyingi. Kinaweza kuonyesha mwenye mali, mahali kitu kilipoundwa, asili ya malighafi, au mtu aliyekibuni. Wanaobishana wanatumia neno moja kwa maana tofauti, na wangeweza kubishana hadi jogoo awike bila ya mmoja kuwa mwongo. Gari linaundwa Chakan, karibu na Pune, na kampuni ya Kihindi; baadhi ya viungo vyake vimetoka ng'ambo. Huo ndio ukweli, na hauhitaji kelele.

Neno la nne ni jina lenyewe. Siku chache baada ya uzinduzi, kampuni ya InterGlobe Aviation, inayomiliki shirika la ndege la IndiGo, ilikwenda katika Mahakama Kuu ya Delhi kulalamikia herufi na tarakimu 6e. Abiria wa ndege hizo wanajua kuwa 6E ndiyo alama inayotangulia namba za safari zao. Mahindra ilijibu kuwa jina lake ni BE 6e kwa ukamilifu, wala si 6E peke yake, na kwamba gari si ndege. Isitoshe, ikakumbusha kuwa mnamo 2005 kampuni ya Tata Motors, iliyokuwa na gari liitwalo Indigo, iliwahi kulalamikia jina la shirika hilo la ndege. Hata hivyo, mnamo Desemba 2024 Mahindra ilitangaza kuwa gari litaitwa BE 6 huku ikiendelea kuitetea haki yake mahakamani. Herufi moja ndogo, ambayo haina hata silabi ya pili, iliyahangaisha makampuni mawili makubwa. Wanafunzi wanaodhani kuwa tahajia ni jambo dogo na wazingatie hayo.

Sasa tuulize: maoni ya wapenzi wa magari yana thamani gani? Yana thamani kubwa, lakini yana mipaka. Anayelijaribu gari kwa siku moja anaweza kutueleza juu ya usukani, breki na starehe ya viti. Hawezi kutueleza betri itakuwaje baada ya miaka minane ya joto la Rajasthan, wala fundi wa mji mdogo atafanya nini skrini ikizimika. Mashahidi wa hayo ni wenye magari, na ushahidi wao huchukua muda. Pamoja na hayo, Mahindra ilipofungua daftari la maagizo tarehe 14 Februari 2025, ilisajili maagizo 30,179 ya magari hayo mawili kwa siku moja, kabla ya mnunuzi yeyote kukabidhiwa gari lake. Sisemi kuwa wote hao walikosea. Nasema kuwa walinunua maneno kwanza, chuma kikafuata baadaye. Ndiyo maana maneno yalistahili kupimwa.

Jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Neno letu "gari" lenyewe lilivuka bahari kutoka India, nalo "laki" vilevile. Rupia ya India ilikuwa sarafu rasmi ya nchi hii hadi mwaka wa 1920. Mkenya anaposema gari la laki kadhaa, anazungumza kwa amana aliyoipokea kutoka ng'ambo ya bahari hiyo hiyo. Na kwa vile sehemu kubwa ya stima yetu hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, na mabasi ya umeme tayari yanabeba abiria jijini Nairobi, matangazo ya namna hii yatazidi kutufikia, na mengine yatakuja kwa Kiswahili.

Kwa hivyo nawaomba walimu wa lugha wasiwaachie walimu wa fizikia mada hii. Mwalimu na achukue tangazo lolote la gari, alipeleke darasani, kisha awaulize wanafunzi maswali manne. Namba hii imepimwa wapi? Bei hii imeacha nini nje? Kiunganishi hiki kina maana gani? Na sentensi hizi mbili zilizokaa jirani, je, zinazungumzia kitu kimoja? Mwanafunzi atakayejifunza kuuliza hivyo atakuwa amejifunza ufahamu wa kweli, hata asipomiliki gari maishani mwake.

Gari la BE 6 huenda likawa ndicho kizuri kinachojiuza. Alama za usalama zinalisemea vyema, na wengi waliolijaribu wanalipenda. Lakini kwa anayelilipia kwa jasho lake, kilomita zenye faida ni zile za barabarani.