Msongamano wa Magari Mjini: Dawa Yake Imo Mikononi Mwa Wengi

Mkulima wa Rubondo anapoamka alfajiri kupeleka mahindi Mbarara, safari yake huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi na mashimo, kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale kupitia vilima vya Isingiro mpaka kuifikia lami. Ya pili ni fupi kwa kilometa, lakini yaweza kuwa ndefu kwa saa. Hiyo ndiyo safari ya kuingia mjini na kupenya baina ya malori, taksi, pikipiki na waenda kwa miguu. Kwa mwenye magunia ya mahindi, kuchelewa ni hasara ya fedha. Kwa mama mjamzito aliyelazwa ndani ya gari la wagonjwa, kuchelewa kwaweza kuwa hasara ya roho mbili.

Jambo hili lawahusu watu wengi. Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwaka 1958, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale kabisa katika Afrika. Yamegawanyika katika sehemu tatu, yaani Base Camp, Juru na Rubondo, na yanahifadhi watu zaidi ya laki moja waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Wengi wao huelewana kwa Kiswahili. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake umevishinda vituo vya afya vya huko hupelekwa hospitali ya rufaa ya Mbarara, iliyo ndani ya mji kando ya barabara kuu iendayo Kabale. Kwa hiyo foleni ya mjini Mbarara ni foleni ya Rubondo pia, ijapokuwa Rubondo kwenyewe hakuna foleni.

Mbarara yenyewe imekua upesi. Ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Barabara itokayo Kampala na Masaka hufika hapo, kisha njia zikatawanyika: moja huelekea Ntungamo, Kabale na mpaka wa Rwanda, nyingine Bushenyi na Kasese, nyingine Ibanda, na nyingine Isingiro hadi Kikagati, mpakani mwa Tanzania. Mji uliokaa mahali kama hapo hupata faida ya biashara, lakini hubeba pia mzigo wa magari ambayo hayana haja yoyote ndani yake.

BARABARA MPYA PEKE YAKE HAITOSHI

Dawa ya kwanza inayowajia watu akilini ni kujenga barabara. Nayo ni dawa ya kweli, ikitumiwa mahali pake. Kaskazini ya Mbarara imejengwa barabara ya kuuzunguka mji, yenye urefu wa kilometa 40 hivi, ili lori linalotoka Kampala kwenda Rwanda lipite nje bila kugusa katikati ya mji. Lori moja likiondoka mjini, hupatikana nafasi ya magari madogo mawili au matatu.

Hata hivyo, historia yafundisha kwamba barabara hujaa. Barabara ya kuuzunguka mji wa Kampala kwa upande wa kaskazini, yenye urefu wa kilometa 21, ilifunguliwa mwaka 2009. Sehemu yake kubwa ilikuwa na njia moja tu kwa kila upande. Haikupita miaka mingi ikajaa magari, ikalazimu ipanuliwe. Sababu yake si ngumu kuielewa. Njia ikiwa nyeupe, watu waliokuwa wakibaki nyumbani huanza kusafiri, nyumba na maduka hujengwa kando yake, na magari hununuliwa. Kwa sababu hiyo, kila mji unaojenga barabara hauna budi pia kufikiri namna ya kuitumia vizuri.

Yafaa vilevile kuwa na njia ya pili kabla ya shida kutokea. Mwezi Mei 2023, mafuriko yaliharibu daraja la mto Katonga katika barabara ya Kampala kwenda Masaka. Magari ya kwenda magharibi yalilazimika kuzunguka kwa njia ya Mpigi na Sembabule. Siku hiyo kila mtu alitambua thamani ya barabara ya mzunguko ambayo siku nyingine haikumbukwi.

HESABU YA SEKUNDE MBILI

Msongamano mwingi hautokani na wingi wa magari tu, bali na namna yanavyoendeshwa. Magari yanayofuatana katika njia moja iliyo wazi hupita kwa kadiri ya gari moja kila sekunde mbili. Kwa hesabu hiyo, dakika moja hupitisha magari 30. Basi taksi ikisimama katikati ya njia dakika moja tu ili utingo apakie abiria na matunguja yake, imeyazuia magari 30 yaliyo nyuma. Taksi kumi zikifanya hivyo kwa zamu asubuhi, nafasi ya magari 300 imepotea. Ndiyo maana sehemu za kusimama taksi zilizotengwa kando ya barabara, hata zikiwa za udongo ulioshindiliwa tu, huleta nafuu kubwa kwa gharama ndogo.

Mwaka 2008, wataalamu wa Japani walitangaza matokeo ya jaribio la ajabu. Waliyaweka magari 22 katika duara lenye mzunguko wa meta 230, wakawaagiza madereva waendeshe kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa, wote sawasawa. Hapakuwa na njia panda, wala mashimo, wala ajali. Haukupita muda, foleni ikazuka yenyewe, kwa kuwa dereva mmoja alipunguza mwendo kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi, mpaka mwingine akasimama kabisa. Funzo ni kwamba dereva anayemfuata mwenzake kwa karibu mno, akiongeza mafuta na kukanyaga breki kila mara, hafiki mapema. Yeye ndiye anayeizaa foleni. Mwenye kuacha nafasi na kwenda mwendo wa kadiri huifuta foleni kwa faida ya walio nyuma yake. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba haraka haraka haina baraka.

BASI MOJA, TAKSI NNE

Kinachopaswa kupita barabarani ni watu na mizigo. Magari ni chombo tu. Basi lenye abiria 56 huchukua watu wa taksi nne za abiria 14, zile ambazo Kenya huitwa matatu na Tanzania daladala. Abiria hao hao wakipanda magari madogo, wawili wawili, watahitaji magari 28. Dar es Salaam iliifuata hesabu hiyo ilipoanzisha mabasi yaendayo haraka mwaka 2016. Mabasi makubwa yalipewa njia yao wenyewe, kutoka Kimara hadi Kivukoni, wala hayangoji katika foleni pamoja na magari mengine. Huduma hiyo imekuwa na matatizo yake, hasa idadi ya mabasi kutotosheleza abiria, lakini msingi wake ni sahihi: njia apewe anayebeba watu wengi.

Miji mikubwa ya India imefuata fikra hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi. Treni za Mumbai hubeba mamilioni ya watu kila siku, na Delhi ilianza kutumia treni zake za mjini mwaka 2002. Mbarara haina haja ya treni kama hizo leo, lakini mabasi machache makubwa yenye ratiba inayoaminika yanawezekana.

KAZI YA ASKARI

Mahali penye msongamano, askari wa usalama barabarani ndiye daktari wa kwanza. Akiuruhusu upande mmoja muda mrefu mno, pande nyingine hujaa mpaka foleni ikafika njia panda ya nyuma na kuiziba. Akibadilisha upesi mno, sekunde nyingi hupotea kila magari yanapoanza kuondoka. Askari wawili wa njia panda zinazofuatana, wakiwasiliana kwa redio, huweza kupitisha magari mengi kuliko wawili ambao kila mmoja anafanya kazi peke yake.

Yapo mambo mawili ambayo askari hana budi kuyasimamia bila huruma. La kwanza, dereva asiingie njia panda ikiwa hana nafasi ya kutokea upande wa pili. Gari moja lililokwama katikati hufunga njia nne. La pili, katika mzunguko, anayeingia amngoje aliyekwisha kuingia, yaani atokaye kuume kwake. Aidha, wanajeshi wanaosafiri kwa msafara hufanya vema wakiacha nafasi baina ya gari na gari, ili magari mengine yapite salama, na wakichagua saa ambazo mji haujajaa. Na wote, mwenye cheo na asiye na cheo, wanapaswa kulipisha gari la wagonjwa.

KAZI YA NYUMBANI

Familia nayo ina sehemu yake. Mama wa nyumbani anayepanga mahitaji ya juma zima na kwenda sokoni mara moja huokoa nauli na kupunguza safari. Majirani wa kambini wanaweza kuwapeleka watoto shuleni kwa gari moja badala ya matatu, na mtoto wa shule iliyo karibu aende kwa miguu, pamoja na wenzake, kandokando ya njia. Jambo linaloweza kumalizwa kwa simu halihitaji safari ya mjini.

Wakulima wa Rubondo wanaweza kukusanya mazao yao pamoja na kukodi lori moja lililojaa, liingie mjini kabla ya pambazuko na kutoka kabla mji haujaamka. Gharama ya kila gunia itapungua, na njia itabaki wazi kwa mwenye shida kubwa zaidi.

Kila safari iliyoachwa na kila dakika ambayo taksi haikusimama mahali pasipostahili humpa mtu mwingine nafasi ya kupita. Hakuna ajuaye ni siku gani atakayelazwa ndani ya gari la wagonjwa, akiwa na maumivu, atakuwa mke wake, au mama yake, au mwanawe. Siku hiyo barabara iwe wazi.