Kompyuta Mfukoni: Tuliyojifunza Shiling

Mama mzazi wa mmoja wetu aliposema anakwenda Shiling, tulidhani anatania kwamba anaifuata shilingi. Hatukuwa mbali sana na ukweli. Shiling ni mji ulio katika wilaya ya Huadu, kaskazini mwa Guangzhou, na jina lake kwa Kichina lina maana ya kilima cha simba. China nzima inaufahamu kwa mikoba, mabegi na bidhaa za ngozi. Mitaa mizima inauza zipu, vifungo, bitana na ngozi kwa mita, na nyuma ya maduka hayo viko viwanda vinavyoshona. Mkoba ulionunua Kariakoo huenda ulianzia safari yake huko.

Tulikwenda naye wakati wa likizo, sisi wawili tunaoandika makala haya. Mmoja wetu alikuwa amesoma Kichina kwa miaka miwili, na Mama alitutaka tuwe wakalimani wake. Kompyuta mpakato tunayoitumia kwa zamu bwenini ilikuwa imevunjika kioo, tukaiacha nyumbani. Tulikuwa na simu tu, na tukajiambia kwamba zingetosha.

Tulikuwa na sababu ya kuamini hivyo, kwa kuwa Guangzhou ni mji wa simu. WeChat yenyewe ilizaliwa humo, Januari 2011, mikononi mwa kikosi cha Tencent kilichoongozwa na Zhang Xiaolong. Bwana huyo alikuwa ameshajipatia jina kwa Foxmail, programu ya barua pepe ya kompyuta za Windows aliyoiandika miaka ya 1990. Leo watu wa Shiling hupatana bei, hutumiana picha za sampuli na hulipana kwa simu. Mama naye ana simu mbili na hajawahi kumiliki kompyuta.

Kumbe nyuma ya simu bado kuna kompyuta. Mama alipoagiza mikoba 1,200 ya kubebea kompyuta mpakato, mhasibu wa kiwanda alimtumia faili la Excel lenye orodha ya mzigo. Tulilifungua kwa simu. Liliandika katoni 30, kila moja mita za ujazo 0.12, jumla 3.6. Mizigo ya kuchangia kontena hutozwa kwa mita ya ujazo, au sibiemu kama wasemavyo wafanyabiashara wetu, kwa hiyo namba hiyo ndiyo ingeamua nauli. Mama alikuwa karibu kumpigia wakala aweke nafasi.

"Hebu subirini, wanangu," akasema. "Mali bila daftari huisha bila habari. Katoni 30 ndizo za mwaka jana, na mwaka jana nilichukua mikoba laini. Hii ni migumu, haikunjiki. Itaingiaje katoni zilezile?"

Tukalitazama faili upya. Juu kulikuwa na kitufe chenye maandishi ya Kichina: "Kokotoa." Tulikibonyeza, kikakaa kimya. Kitufe hicho kilikuwa makro, yaani programu ndogo iliyofichwa ndani ya jedwali, na Excel ya simu haiendeshi makro. Tulichokuwa tukisoma ni hesabu ya zamani iliyobaki kwenye faili. Mhasibu alikuwa ameshaondoka, na Mama alitakiwa amjibu wakala jioni ileile.

Hapo ndipo mchezo wetu wa bwenini ulipopata kazi. Miezi kadhaa nyuma tulikuwa tumesakinisha Termux kwenye simu ya Android, na ndani yake mfumo wa Linux uitwao Debian, pamoja na LibreOffice kamili, ileile inayotumika kwenye kompyuta. Wenzetu walitucheka kwa kusoma herufi ndogo kama chawa. Shiling tuliazima kibodi na kipanya dukani, tukachomeka waya kutoka kwenye simu hadi kwenye skrini ya meza, tukafungua nakala ya faili, tukakiruhusu kitufe na kukibonyeza. Makro ile ilikuwa rahisi, ikatii. Kila katoni ingebeba mikoba 24, si 40. Katoni 50. Mita za ujazo 6.0.

Yaani nauli ingezidi kwa theluthi mbili, na Mama angeyajua hayo mzigo ukiwa tayari ghalani. Alikaa kitako akapanga upya: mikoba migumu 600, laini 600. Katoni 25 na 15, jumla 40, mita za ujazo 4.8. Wakala akajibiwa kabla jua halijazama.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiulizwa: simu inawezaje kuendesha programu ya kompyuta? Sisi wana-Kiswahili tuna bahati, kwani jibu limo katika somo tunalolijua, nalo ni ukalimani.

Prosesa nazo zina lugha. Kompyuta nyingi za Windows zinasema lugha ya ukoo ulioanza na Intel 8086 ya mwaka 1978. Simu zetu zinasema lugha ya ARM, ambayo prosesa yake ya kwanza iliundwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1985. Ukiipa simu programu iliyoandikwa kwa lugha ya Intel, ni sawa na kumsomea bibi yako wa Pemba hotuba ya Kichina.

Njia ya kwanza ya kuvuka ukuta huo ni kuikwepa tafsiri kabisa. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na programu huria kama LibreOffice zimeshaandaliwa kwa lugha ya ARM. Hii ndiyo njia tuliyoitumia Shiling. Ni nyepesi kwa simu kuliko zote, ingawa kuisakinisha kunataka subira.

Njia ya pili ni kuweka mkalimani. Programu iitwayo Box64 hupokea maagizo ya Intel na kuyageuza kuwa ya ARM papo hapo. Mwenzake ni Wine, mradi ulioanza mwaka 1993. Huyu hushughulikia desturi za nyumba: programu ikiomba dirisha au faili kwa taratibu za Windows, Wine hulipeleka ombi hilo kwa taratibu za Linux. Winlator huwafunga wote wawili katika kifurushi kimoja cha Android. Kwa njia hii programu ya zamani ya Windows yaweza kufunguka kwenye simu. Lakini mkalimani huchoka. Simu hupata joto, betri hushuka haraka, na baadhi ya programu hukataa katakata.

Njia ya tatu ni kuigeuza simu kuwa dirisha. Kompyuta iko mbali, kwa mfano katika maabara ya chuo, nawe unaitazama na kuiongoza kupitia mtandao. Hapa simu haitafsiri chochote, ila intaneti ikikatika, kazi imesimama.

Tusichanganye njia hizi na Samsung DeX, iliyotoka mwaka 2017. DeX hutandaza programu za simu kwenye skrini kubwa kama meza ya kompyuta, lakini zinabaki kuwa programu za simu. Kitufe cha mhasibu wa Shiling kingekaa kimya huko pia.

Kwa nini tunayaleta haya katika jarida la chama cha Kiswahili? Kwa sababu tunawajua wenzetu wanaoandika tasnifu kwa simu. Tunawajua walioharibikiwa tanbihi na majedwali usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi, kwa sababu programu ya simu ilionyesha nusu ya kilichomo. Hawakuwa wavivu. Walikuwa hawana kompyuta, na hakuna aliyewaambia kwamba simu waliyoishika inaweza zaidi ya hapo. Maelezo yapo tele, ila kwa Kiingereza.

Kiswahili kimewahi kufanya kazi hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Wakati ule zilihitaji kompyuta ya mezani. Leo LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice hiyohiyo, inaingia mfukoni. Walimu wetu walianza kutafsiri maneno yaliyo kwenye skrini. Sisi tunaweza kuandika maelekezo ya kuifikisha skrini hiyo kwa asiye na uwezo wa kununua kompyuta.

Tuseme na ubaya wake. Simu yenye RAM chini ya gigabaiti 4 itakutesa, na ni vyema uwe na nafasi tupu ya gigabaiti 5 hivi. Si kila simu hutoa picha kwa waya, kwa hiyo ulizia kabla ya kununua. Makro zinaweza kubeba virusi, basi usiruhusu kitufe cha mtu usiyemjua, na fanyia kazi nakala tu. Tena sakinisha mapema, ukiwa na intaneti nzuri. Tungeanza kupakua siku ileile Shiling, wakala angejibiwa kesho yake.

Tumeanza kuandika mwongozo wa kurasa chache kwa Kiswahili, na tunawaomba wahadhiri wetu watusaidie kuchagua istilahi. Katika mkutano ujao wa chama tutaleta kibodi moja, kipanya kimoja na waya. Wewe njoo na simu yako na faili moja lililowahi kukushinda.

Mama alitupa zawadi ya mkoba mmoja mgumu, wenye sponji ya kuilinda kompyuta mpakato. Ndani yake kwa sasa mna kibodi, waya na chaja ya simu.