Mji wa Kale Usiku: Jinsi Picha ya Jalada Ilivyopigwa

Tangu mwezi wa Septemba kuna picha ya Mji wa Kale wa Mombasa kwenye ubao wa Chama cha Kiswahili, na ndiyo hiyo hiyo unayoiona kwenye jalada la gazeti hili. Ngome iko kushoto, majumba ya kale yamejipanga kulia kwake, mbingu ni buluu nzito na taa zimelala juu ya maji. Wenzetu wa Kidato cha Pili wanashikilia kwamba ni kadi iliyonunuliwa dukani. La hasha! Niliipiga mimi, kwa kamera ya kuazima, na kabla ya kuipata niliharibu picha 41. Mhariri ameniomba nieleze kazi hiyo hufanywaje. Nitaeleza pamoja na makosa yangu, kwa sababu ukiyaondoa makosa hakuna mengi yatakayobaki.

Kamera ni ya mjomba wangu. Yeye ni mmoja wa wale wapiga picha unaowakuta katikati ya jiji, kwenye uwanja wa KICC, wakiwapiga picha wageni mbele ya sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta huku lile jumba la ghorofa 28 likiwa nyuma yao. Zamani kazi hiyo ililisha watu vizuri. Siku hizi kila mtu ana simu, na mjomba anaweza kushinda juani kutwa nzima akapata wateja watatu. Basi aliponikubalia kamera kwa siku nne za safari ya chama, likizo ya Agosti, nilijua amenipa jembe lake msimu wa mvua. Mama naye alisema neno moja tu: "Hiyo ikianguka baharini, usirudi Kangemi."

Mjomba alikataa kuniachia kabla sijajifunza. Kwa wiki mbili, nikitoka shule, nilimfuata mjini, na giza lilipoanza kuingia tulisimama kando ya City Hall Way, yeye akiangalia kamera na pia akiangalia wanaoiangalia kamera. Somo lake la kwanza lilikuwa la ndoo na mfereji. Alisema kamera hukinga mwanga kama ndoo inavyokinga maji. Mchana mfereji umefunguliwa wote, ndoo inajaa kufumba na kufumbua. Usiku mfereji unadondoka, tone, tone. Ukiiondoa ndoo mapema, umepata picha nyeusi.

Sasa, ndoo ya usiku inaweza kujazwa kwa njia ya kwanza, ambayo ni kuupanua mfereji, yaani tundu la lenzi. Hapa kuna kitu kilichonichanganya sana: namba za tundu zinakwenda kinyume. Namba 4 ni tundu kubwa, namba 16 ni tundu dogo. Kutoka 4 hadi 5.6, kisha 8, kisha 11, kisha 16, kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu. Njia nyingine ni kuifanya kamera ihisi mwanga upesi zaidi, ile namba iliyoandikwa ISO. Lakini ukiipandisha mno picha hujaa chengachenga kama unga uliokobolewa vibaya. Njia iliyobaki ndiyo ya watu wa usiku: subiri. Acha kilango cha kamera wazi kwa sekunde moja, sekunde nne, hata kumi.

Kusubiri kuna gharama yake. Mkono wa binadamu hautulii. Ukishika kamera ya kawaida mkononi, muda ukizidi kama sehemu moja ya sitini ya sekunde, picha itatoka na ukungu, hata ukijiona umesimama kama mlingoti. Ndiyo maana lazima uwe na stendi ya miguu mitatu, au ukuta, au gunia la mchanga. Tena hata kidole kinachobonyeza kinatosha kuitikisa. Mjomba alinifundisha kuweka ile saa ya kujipiga, unabonyeza kisha unaondoa mkono, kamera inasubiri sekunde mbili ndipo inajifungua yenyewe.

Jioni moja tuliacha kilango wazi kwa sekunde nane, kamera ikielekea barabarani. Kumbe! Matatu zote zilitoweka. Zilibaki taa zake tu, michirizi mekundu na meupe iliyonyooka barabara nzima. Manamba aliyekuwa akining'inia mlangoni na kupiga kelele hakuonekana hata kivuli. Jumba la KICC lilikuwa limesimama pale pale, safi, kila dirisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba picha ya usiku humpa nafasi asiyeondoka. Anayepita humfuta. (Simu za kisasa zenye mtindo wa usiku hufanya hila nyingine: hupiga picha nyingi fupi fupi kisha huziunganisha kuwa moja. Ndiyo sababu inakwambia usisogee.)

Nilipanda treni ya SGR pale Syokimau nikijiona fundi kamili.

Usiku wa kwanza Mombasa, mwalimu mlezi wa chama alitutembeza Mji wa Kale, kwenye barabara iitwayo Ndia Kuu. Kwa Kimvita "ndia" ndiyo "njia", kwa hivyo tayari tulikuwa tumepata somo la lahaja bila kufungua kitabu. Barabara ni nyembamba, nyumba zina roshani za mbao zinazoning'inia juu ya vichwa vya wapita njia, na milango ina nakshi. Mwanga ulikuwa kidogo, kwa hivyo nilifanya jambo la kijinga kuliko yote: nikawasha flashi. Flashi ya kamera hufika mita chache tu, nne au tano hivi. Roshani zote zilimezwa na giza, na kilichomulikwa ni kilichokuwa karibu, yaani wazee watatu waliokuwa wamekaa barazani wakinywa kahawa chungu.

Mmoja wao alijikinga macho kwa kiganja.

"Wewe binti, ndoo hapa. Umetuuliza?"

"Shikamoo, mzee. Samahani, ni picha ya gazeti la shule."

"Marahaba. Na gazeti la shule lakwambia umulike watu nyuso kama askari?"

Sikuwa na jibu. Niliifuta picha mbele yake, yeye akitazama, kisha mwalimu akaomba radhi kwa niaba yetu sote. Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye mwalimu alitueleza kwamba, mbali na adabu, jambo hilo lina sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, na mwaka 2023 klabu moja ya starehe hapa hapa Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Tena kuna mahali usipoelekeza kamera hovyo, kama kivuko cha Likoni na bandari ya Kilindini, kwa sababu ni mahali pa ulinzi. Msafiri asiyejua hayo anaweza kulala kwa polisi, kamera ya mjomba ikiwa kielelezo.

Usiku wa pili tulikwenda kando ya ngome, mahali ambapo bahari inaonekana. Nilitaka maji. Nilisimamisha stendi, nikaelekeza kamera baharini, nikapiga picha 24, na zote zilikuwa hovyo. Kwanza, Agosti ni wakati wa upepo wa kusi, na upepo ule uliitikisa stendi bila huruma. Mara moja iliinama kabisa nikaidaka, moyo ukaruka, nikamkumbuka Mama. Pili, lenzi ilikuwa imeingia chumvi ya baharini, kila taa ikawa na utusitusi kuizunguka. Tatu, chombo kilichotia nanga kinayumba muda wote, na katika sekunde kumi kinakuwa kama mzuka. Lakini kosa kubwa lilikuwa la jiografia, tena jiografia ya darasa la nne. Mji wa Kale unatazama mashariki. Jua linatua nyuma yako, upande wa bara. Ukisimama pale jioni ukitazama bahari, umeupa mji kisogo na unapiga picha ya giza.

Mji wa pwani hupigwa picha kutoka ng'ambo. Nilipolisema hilo usiku ule wenzangu walinicheka, maana ni wazi kama kweupe, lakini sisi sote tulikuwa tumesimama upande usiofaa.

Basi jioni ya tatu, mwalimu alitupeleka kwa daraja la Nyali hadi upande wa pili wa mkondo wa Tudor. Akatuombea ruhusa tukasimama mahali panapotazamana na mji. Tulifika saa kumi na moja na nusu, mapema mno kwa wale waliotaka kwenda kula viazi karai, lakini ilikuwa lazima. Sisi tuko karibu na ikweta, Mombasa ikiwa takriban digrii 4 kusini yake. Jua letu hushuka wima kama jiwe. Nchi za kaskazini kama Uingereza mwanga wa jioni huchelewa sana wakati wa kiangazi chao. Hapa, jua likishazama, una kama dakika ishirini tu za ile buluu, kisha mbingu inakuwa makaa. Ukichelewa kwa sababu ya viazi, umekosa.

Katika dakika hizo kuna wakati mfupi ambapo mwanga wa mbingu na mwanga wa taa unalingana. Kabla yake taa hazionekani, baada yake mbingu haionekani. Huo ndio wakati niliousubiri. Nilifuta lenzi kwa kitambaa laini. Nilifunga miguu ya stendi ikiwa mifupi, na nikaning'iniza mkoba wa vitabu katikati yake ili uzito uishikilie dhidi ya kusi. Nilikuwa pia nimemuuliza mvuvi mmoja habari za maji, akaniambia yangejaa karibu saa moja. Jambo hilo si dogo. Wakati wa bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, na yakiwa yamekupwa unapata mawe na tope mahali ulipotarajia taa zing'ae.

Tundu namba 8, ISO 200. Nilianza na sekunde moja, nikaongeza kadiri giza lilivyoongezeka: mbili, tatu, nne. Kila mara nilijikuta nimebana pumzi, ingawa pumzi yangu haikuwa inaigusa kamera. Mjomba aliwahi kunisimulia juu ya Brassaï, aliyeipiga picha Paris usiku na kutoa kitabu chake mwanzoni mwa miaka ya 1930. Yeye alipima muda kwa sigara: ikiisha, anafunga kilango. Mimi nilihesabu kwa vidole.

Ile ya sekunde nne ndiyo iliyokaa. Maji, ambayo kwa macho yalikuwa na viwimbi, yalilainika yakawa kama kioo kilichochakaa. Ngome ilisimama. Nadhani inastahili kusimama vizuri kwenye picha, maana Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, Waomani wakaizingira tangu 1696 hadi wakaitwaa Desemba 1698, Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wote hao wamepita. Tazama jalada kwa makini utaona kuta zina makovu makovu: ni mawe ya matumbawe, na taa ikipiga kutoka ubavuni kila shimo hutupa kivuli chake. Taa ikipiga kutoka mbele, ukuta ule ule huonekana laini kama umepakwa rangi jana. Hiyo ni sababu nyingine ya kuichukia flashi.

Tuliporudi mjini tulipita tena Ndia Kuu. Mzee wetu alikuwa pale pale barazani. Safari hii kamera ilikuwa mkobani. Nilimwamkia, nikamwonyesha picha ya ng'ambo kwenye kioo cha kamera. Aliitazama kwa muda, akaonyesha kwa kidole kidoa kimoja cha mwanga akasema nyumba aliyozaliwa iko hapo nyuma. Ndipo nikamwomba. Alinyamaza, akamimina kahawa, kisha akasema, "Bila lile tochi lako."

Kulikuwa na balbu moja juu ya mlango. Niliweka kamera juu ya ukingo wa baraza upande wa pili wa barabara, sekunde moja, nikamwomba asitikisike. Alikaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mwenzake alitikisa kichwa akitucheka, na kweli kwenye picha hana uso, lakini mzee ametulia, hata mvuke wa kahawa umeonekana kidogo.

"Hii ni yangu," alisema. "Ya gazeti, tia ngome."

Ndiyo sababu huioni hapa. Nilipofika Nairobi mjomba aliisafisha kwenye karatasi kubwa, tukamtumia mzee kwa basi. Mjomba aliziangalia picha zote mbili pale KICC, chini ya mwavuli wake. Ya jalada alisema ni safi, akaiweka kando. Ile ya mzee aliishika muda mrefu.

"Ulimlipisha ngapi?" aliniuliza.

Nilimwambia yeye ndiye aliyenilipa, vikombe viwili vya kahawa chungu.