Fundi akimaliza na kompyuta, wewe ndipo unaanza

JE, msomaji, umewahi kununua kompyuta iliyotumika katikati ya jiji? Unalipa, fundi anakuambia, "Mama, nimeiwekea Windows mpya, nenda ukafanye kazi," nawe unaipeleka nyumbani umeikumbatia kama mtoto mchanga. Kufika tu, watoto wanaizunguka. Mmoja anataka michezo, mwingine muziki, na yule wa chuo kikuu anataka kuandika insha yake usiku huo huo.

Subiri kwanza! Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziongoza nyingine zote, ukiwekwa upya huwa kama nyumba iliyojengwa juzi: kuta zipo, lakini kufuli bado. Usihamishie vyombo kabla ya kufunga milango.

Kwanza, uliza ni Windows gani, na kama ni halali. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hukataa kompyuta nyingi kuukuu, kwa sababu moja ikiwa inahitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Yako ikikataliwa, usikate tamaa. Ipo mifumo ya bure kama Linux Mint, au Ubuntu iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2004. Inatosha kabisa kwa masomo na barua. Ila jiepushe na Windows ya wizi. Programu za kuifungua mara nyingi hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza. Ni mlinzi gani huyo anayeombwa alale ili mgeni aingie?

Pili, tazama saa na tarehe. Kompyuta kuukuu huenda betri yake ndogo ya ndani imekufa. Ikidhani huu ni mwaka 2015, tovuti nyingi zitakataa kufunguka, nawe utawalaumu watu wa mtandao bure.

Tatu, sasisha. Iache ichukue marekebisho yote, uizime na kuiwasha, kisha uangalie tena mpaka isiwe na la kuongeza. Kazi hii hula bando, kwa hivyo tumia Wi-Fi ukiweza. Windows ina kinga yake ya virusi. Hakuna haja ya kurundika nyingine mbili juu yake. Programu yoyote unayotaka, ichukue kwa mwenyewe aliyeiunda. LibreOffice, kwa mfano, ni ya bure na huandika insha vizuri.

Nne, gawa akaunti. Ya msimamizi iwe ya mzazi, watoto wapewe za kawaida. Hapo programu nyingi ngeni hazitaweza kuwekwa bila nenosiri lako. Na tafadhali, nenosiri lisiwe jina la kitinda mimba!

Tano, na hili ndilo wengi hulisahau: nakala. Diski hufa bila kupiga hodi. Isitoshe, siku utakapoirudisha kwa fundi aweke Windows upya, huenda kila kilichokuwamo kikafutwa. Insha inaweza kuandikwa tena, lakini picha za nyanya aliyekwisha kututoka utazipata wapi? Weka nakala moja kwenye diski ya nje inayokaa kabatini, na nyingine mbali na nyumbani, kwa dada yako au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kisha ujaribu kuzifungua kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu.

Yote haya huenda yakakuchukua jioni nzima, na watoto watanung'unika. Waache wanung'unike. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa picha zilizopotea haujengeki.

Umemaliza? Haya, sasa waite watoto.