Vumbi la Magadi na Ngozi ya Chuma

Gari litokalo Karatu alfajiri, likapita lango la Loduare na kupanda katika ukungu wa ukingo wa Ngorongoro, kisha likateremka takriban mita 600 hadi sakafu ya kreta, hurejea jioni limevaa kanzu mbili za vumbi: nyekundu ya njia ya ukingoni, na nyeupe ya kandokando ya Ziwa Magadi, ambalo, maadamu halina mto utokao, maji yake huondoka kwa mvuke na kuacha chumvi zote nyuma.

Wengi hudhani magadi ndiyo yalayo chuma. La hasha, magadi matupu hukivika chuma utando mwembamba wa kukihifadhi, bali chumvi ya kawaida iliyochanganyika nayo ndiyo itoboayo utando huo, na umande ukishuka usiku, kutu huanza kazi.

Katika gereji moja ya Karatu nilimtazama fundi aking'oa pini ya springi ya nyuma. Grisi ilikuwa imegeuka uji wa kijivu wenye kukwaruza vidole. "Hii si grisi tena, mzee wangu," alisema, "hii ni msasa."

Ndipo hutafutwa vilainishi vikavu: kinywe, madini meusi yaandamanayo na tanzanaiti huko Mererani, au molibdenamu disalfaidi. Yote mawili yana matabaka mithili ya kurasa za kitabu, kila ukurasa imara, ila mshikamano baina yao ni dhaifu, basi yakisukumwa huteleza, wala vumbi halipati mafuta ya kunasia.

Lakini kuteleza si kuhifadhi. Kinywe hupitisha umeme, na kikigusana na chuma penye maji ya chumvi, viwili hivyo huwa kama betri, na chuma ndicho kiliwacho. Molibdenamu disalfaidi nayo, ikikaa katika unyevu, huzaa asidi. (Niliwahi kusugua kinywe cha kalamu ya risasi katika bawaba ya lango langu: likaacha kulia, na baada ya masika likaota kutu maradufu.)

Siri imo katika gundi. Chuma hupigwa mchanga hata kitakate, kikaogeshwa fosfati iachayo fuwele za kushikia, kisha unga uliokorogwa na gundi ya epoksi hupulizwa na kuokwa tanurini, ukawa ngozi ya mikroni 10 hadi 20, ambayo haifiki theluthi ya unene wa unywele. Gundi huzuia maji, unga huteleza.

Pini mpya ya fundi ilikuwa nyeusi ya namna hiyo. Aliosha tundu kwa maji baridi, akalikausha, na kijana wake aliposogea na kopo la grisi, akamrudisha.